Ukuta wa Mkunga Balbina

Mwaka 1956 Fulgensi, fundi mwashi aliyejifunza kazi misheni, alimjengea mkunga Balbina nyumba ya matofali huko Lipangalala. Kabla hajaezeka, mkaguzi wa serikali alifika na kumtaka aonyeshe leseni ya ujenzi. Hakuwa nayo, akapelekwa mahakamani.

Balbina alikwenda kumtetea. "Mheshimiwa, mafuriko yamelaza nyumba za majirani zangu wote. Ukuta wa Fulgensi haukupata hata ufa."

"Mama, ukuta haukushtakiwa," hakimu alimjibu kwa upole. "Aliyeshtakiwa ni huyu, kwa kujenga bila leseni."

Akamfunga mwezi mmoja. Kwa aibu, Fulgensi alishindwa hata kumtazama Balbina.

Siku ya tatu gerezani, bwana jela alimpeleka kwenye jiko lililobomolewa na mafuriko yale yale, akamkabidhi mwiko wa kujengea na timazi.

"Afande, leseni bado sina," Fulgensi alisema.

Bwana jela alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Jenga tu, bwana. Hapa wewe ni mfungwa."

Fulgensi alilijenga vizuri. Alipofunguliwa, alikwenda bomani na barua ya bwana jela ya kusifu kazi yake, akaomba leseni. Aliipata baada ya miezi miwili, ndipo akaenda kumwezekea Balbina nyumba yake.