Mbavu za Kisongo Kwenye Skrini

Arusha nzima, kuanzia Kisongo hadi miguuni pa Meru, hakuna mtu awezaye kusoma ujumbe wangu nisipotaka. Natumia programu inaitwa Kufuli. Ujumbe ukitoka kwangu unavurugwa, unasafiri kama uji, unakuja kukaa sawa kwa mwenzangu tu. Nimeiweka kwenye simu, nikaiweka na kwenye kompyuta ya steshenari yangu hapa Sombetini, ili nikiwa nachapa kazi za watu nisipitwe na umbea.

Ijumaa moja nilikuwa namweleza hayo Mama Naisula, kiongozi wa kwaya yetu, aliyeleta ratiba ya tamasha nimchapie. Nilikuwa najipendekeza, sikatai. Kesho yake mshenga wangu alikuwa aende kwake kuniposea binti yake, Naisula, na mama huyu alishatangaza kwamba hamtoi kwa mtoro wa mazoezi ya kwaya. Mimi mazoezi ya Alhamisi sikwenda. Nilituma salamu kwamba nina homa.

"Hata aliyeitengeneza hasomi, Mama."

"Hata mimi?"

"Wewe ndiyo kabisa!"

Sasa, steshenari zetu mnazijua. Mteja hakuachii kazi akaondoka. Anavuta kiti, anabanana nawe, macho kwenye skrini, usije ukamkosea jina la mtu. Mama Naisula alikuwa amekaa hivyo hivyo wakati kijisanduku cha ujumbe wa Kufuli kilipochomoza kwenye kona ya skrini. Rafiki yangu Omari huyo.

Mama akasoma kwa sauti, taratibu, kama somo la Jumapili: "Lemburis, mgonjwa wetu, vipi? Zile mbavu za mbuzi jana Kisongo zimeshusha homa?"

"Mama, hiyo ni programu yenyewe," nikasema. "Inatunga uongo ili kuwachanganya wezi."

"Na mbuzi imemtunga?"

"Mbuzi pia."

"Haya. Nani alikuona jana ukiumwa?"

Hapo nikapumua. Mshenga wangu, Mzee Eliamini, anashona viatu mlango wa pili, na mshenga gani atamwangusha mtu wake siku moja kabla ya posa? Nikamwita. Akaja na kiatu mkononi.

"Mzee," Mama akamuuliza, "eti huyu jana alikuwa mgonjwa?"

Nikamkonyeza. Maskini, yeye akadhani afya ya mposaji inatiliwa shaka.

"Mgonjwa? Nani kamchafua kijana wangu, Mama Naisula? Jana nilikuwa naye Kisongo, kwa macho yangu haya! Mbavu kala, supu kanywa, mifupa kaiguguna mpaka mbwa wakaondoka wamenuna. Huyu ni fahali!"

Mama Naisula alicheka mpaka akashika meza.

"Kesho njooni," akasema, akifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Ila wimbo wa Alhamisi, sauti ya tatu yote, ataniimbia peke yake sebuleni, wajomba wakisikiliza, kabla hamjaonja chai."

Mzee Eliamini akanigeukia, uso umejaa furaha. "Si umeona nilivyokusemea?"