Manyoya ya Don Olegario

Kila asubuhi, akishakanda unga wa mkate wa muhogo, Eufrasia alikuwa akinawa mikono na kupanda ghorofani kumnyonyoa tajiri wake. Don Olegario alikuwa na kiwanda cha matofali ukingoni mwa mto Parana, na manyoya yalianza kumwota wiki ile aliyovunja vitu viwili. Cha kwanza ni kiota cha hornero, ndege mjenzi wa tope, kilichokuwa juu ya nguzo ya lango. Cha pili ni nyumba ya Zunilda, mdogo wake Eufrasia, kwa kuwa chini yake palikuwa na udongo mzuri. Kiota cha hornero hakivunjwi na mtu mwenye akili zake. Nyumba za watu huvunjwa, na hakuna anayeshangaa.

Mgongoni manyoya yalikuwa na rangi ya tofali lililoiva. Kifuani yalipauka, kooni yakawa meupe machafu kama kola ya shati la jana, na mkia ulikuwa mwekundu kupita yote. Yaling'oka na ute kwenye mizizi. Ute ulimganda Eufrasia vidoleni, na hata akisugua kwa majivu, kila tonge lilimnukia harufu ya don Olegario. Alivumilia kinyaa hicho akitumaini tajiri atairudisha nyumba ya mdogo wake: Zunilda na wanawe walilala chini ya mabati yaliyoegemezwa kwenye ukuta pekee uliobaki, na baridi ya Julai ilikuwa mlangoni.

Daktari alimpima don Olegario akasema ni hornero mzima, mwenye afya. Kilichomuudhi mwenyewe ni rangi.

"Hata kishungi sina," alilalamika mbele ya kioo. "Nimepewa rangi ya vibarua."

"Ndivyo walivyo hornero, tajiri. Na ile nyumba ya Zunilda? Watoto wanakohoa."

"Ile ya tope? Ile si nyumba, Eufrasia, ni uchafu. Hebu nyonyoa hapo kwapani."

Akanyonyoa.

Julai ilipofika, don Olegario hakutaka tena kunyonyolewa, maana manyoya yalimpa joto. Fundi cherehani akampasulia suruali nyuma ili mkia upite. Vibarua wakawa wanamvulia kofia, kwani husemwa hornero akikaa kwako radi haikupigi.

Kisha Eufrasia akaitwa roshanini. Don Olegario alikuwa amechuchumaa ukingoni, ameanza kujenga. Akatema tope ili aweze kusema.

"Udongo wa kiwandani haushiki. Nataka uliokandwa na majani zamani. Kaniletee ule ukuta wa mdogo wako."

"Watoto wanauegemea, tajiri."

"Mwambie asogee."

Zunilda aliulowesha ukuta mwenyewe, akaubomoa kabla ya chakula cha mchana. Eufrasia akabeba ndoo. Don Olegario akapokea donge la kwanza kwa mdomo, akaligeuzageuza.

"Tope safi hili," akasema. "Mdogo wako anajua kujenga."

Eufrasia akafuta udenda uliomdondokea mkononi, akashuka kuchota ndoo nyingine.