Hori la Nguruwe na Siku ya Kufunga

Mimi nina ugonjwa mmoja tu, kutaka kujua. Nimechapwa kwa ajili yake mara nyingi na haukupona. Kwa hiyo mwaka ule wa pili wa vita vya Kusini na Kaskazini hapa Marekani, Bwana Pinkard alipoisoma mezani sheria mpya ya jimbo, mimi mpishi wake nilizunguka na bakuli la wali mara tatu bila kuitwa.

Sheria ilisema mashua na mitumbwi yote ya mtoni ifungwe minyororo, makasia yawekwe ndani kwa bwana, na doria ipite gatini kutwa kucha, watumwa tusije tukaukimbilia uhuru kwenye meli za Kaskazini zilizotia nanga mlangoni mwa mto. Bibi akadakia, "Hawa wetu wameridhika, waende wapi?" Nikajiuliza, kama tumeridhika, minyororo ya nini?

Kisha bwana akasema neno lililonikata maini. Ijumaa wasichana wote wangepelekwa bara, mbali na maji. Binti yangu Bina alikuwa na miaka kumi na mitatu. Dada zake wawili walipelekwa bara hivyo hivyo, na sijawatia machoni tena.

Nikamfuata shemeji yangu Sipio, ndugu wa marehemu mume wangu. Yeye ndiye aliyetunza milango ya maji ya mashamba ya mpunga, akiifungua na kuifunga kwa kufuata kupwa na kujaa.

"Shemeji, mtumbwi ni nini?"

"Umeanza! Leo umekula nini wewe?"

"Nijibu, bwana."

"Gogo lililochongwa ndani."

"Na lile hori la nguruwe?"

Akaligeukia. Lilikuwa gogo zima la mberoshi, nguruwe wanne wamezamisha pua ndani yake.

"Mama Bina, lile ni la pumba."

"Sheria imelitaja?"

"Haijalitaja."

"Na ubao wangu wa kutolea mikate tanuruni? Mpini wake unakupita wewe kwa urefu."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanamke wewe! Ungekuwa mbunge tungekoma." Halafu kicheko kikamwisha, akaanza kuhesabu saa za maji kwa vidole.

Alhamisi ilikuwa siku ya kufunga. Serikali yao ilikuwa imewatangazia wazungu wote wasile, waende kanisani kuombea ushindi. Wakaenda tangu asubuhi, na wa doria pia. Jiko langu halikuwashwa, na siku ya kufunga nani atamtafuta mpishi?

Tuliliosha hori, tukaliburuta hadi mfereji wa shamba, nguruwe wakitufuata kwa makelele kama wenye haki yao. Bina alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Tulipoingia sisi wawili, ukingo ulibaki juu ya maji kwa upana wa kiganja. Sipio alisimama juu ya mlango wa maji.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Nani atafungua? Na nisipoufunga tena, shamba litakauka, watajua hata hamjafika mtoni."

"Basi utakuja lini?"

Akauinua mlango. Maji ya kupwa yakatubeba kwa nguvu, na kelele zake zikameza jibu lolote alilotoa. Nilikuwa na ubao mkononi, sikuweza hata kumpungia. Niliumia, na naumia bado.

Tulipofika kwenye meli ya Kaskazini, baharia mmoja aliziba pua, akauliza chombo gani hicho. Nikamwambia akanuse vizuri.

Siku hizi tunaishi huru kisiwani, chini ya askari wa Kaskazini, Bina anasoma. Kila anayefika kutoka mto ule namkimbilia kabla hajakaa. Juzi alikuja mzee mmoja, nguo zimelowa.

"Kwa Pinkard, milango ya maji anafungua nani?"

"Bwana mwenyewe," akasema. "Hajui kitu. Ameingiza maji ya chumvi, mpunga wote umekufa."

Moyo wangu uliruka. Sipio hayupo pale! Kisha nikakaa chini, maana kuna kukimbia, na kuna kuuzwa, na kuna lile jingine.

"Aliyekuwa akifungua zamani yuko wapi?"

Mzee akasema hajui. Nikampa mkate na maji, nikamwacha ale kwanza, halafu nikamuuliza tena.