Mita Ishirini na Mbili

Kassian aliandika kila kitu ambacho tepu ilipita juu yake. Tabia hiyo aliipata ujanani, alipokuwa kibarua wa wapima ardhi, miaka mingi kabla hajaajiriwa na shirika la sheria ya mazingira lenye ofisi ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi pale Majengo, Songea. Hakusoma sheria darasani. Aliisoma kwa kuazima vitabu vya mawakili waliopita pale ofisini, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja alikirudisha kikiwa kimevalishwa gazeti. Kwenye karatasi za ofisi aliitwa Afisa wa Uwandani. Azizi, dereva, alimwita Mzee wa Mita.

Jumatatu asubuhi, mwezi wa nane, wakili Edna alimwita mezani kwake. Daftari la vipimo lilikuwa wazi mbele yake.

"Kaka Kassian, hebu nisomee hapa."

Kassian akavaa miwani, ingawa alikumbuka kila neno. "Mstari wa kwanza, kuanzia ukingo wa mto. Mita nne, mti wa mkuyu. Mita kumi na moja, njia ya kwenda kuchota maji. Mita ishirini na mbili, mwanzo wa kabichi za Mama Odilia. Mita thelathini na nane, ukuta wa yadi ya makaa."

"Kabichi za Mama Odilia," Edna akarudia.

"Tepu ilipita hapo."

"Najua ilipita hapo. Ndiyo maana sikulala vizuri."

Kesi ilikuwa moja tu, na ilikuwa rahisi kuieleza. Katika kijiji cha Lihangweni, ukishaipita Maposeni, kampuni moja ilikuwa imejenga yadi ya kuhifadhi makaa ya mawe karibu na mto. Mvua za mwaka uliopita ziliposhuka, maji meusi yalitoka chini ya ukuta yakaingia mtoni, na kijiji kizima kilikunywa maji ya mto huo. Sheria inakataza shughuli za watu ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa mto. Ukuta ulikuwa mita thelathini na nane. Kesi nzima ilisimama juu ya tarakimu hizo mbili, na juu ya Mama Odilia, shahidi aliyeyaona maji yakitoka.

Alhamisi jaji alikuwa aje kuona eneo kwa macho yake. Na wakili wa kampuni alikuwa ameandika barua kuomba daftari la vipimo, lile lile la uwandani, liletwe siku hiyo.

"Atafungua ukurasa huu," Edna alisema. "Atauliza, kama sitini ni sitini, kabichi zinafanya nini kwenye ishirini na mbili? Na halmashauri watakuwa wamesimama pale pale. Bustani za watu kumi na moja zitaondoka."

"Kumi na moja, ndiyo. Niliwahesabu."

"Umewahesabu!" Edna akacheka bila furaha. Alikuwa mtu wa Bukoba, mwaka wa tatu sasa Songea, na mara mbili au tatu alikuwa amekula ugali na chainizi nyumbani kwa Mama Odilia. Alijua kwamba tangu mume wa mama huyo afariki, bustani ile ndiyo iliyolisha nyumba na wajukuu wawili. Akavuta droo, akatoa daftari jipya. "Mstari wa tatu haupiti kwa mama. Unakwenda moja kwa moja ukutani. Tungenakili huo peke yake, hapa, kwa mwandiko wako. Hakuna namba hata moja ya uongo."

Kassian alilitazama daftari jipya, kisha akamtazama Edna. Hakuona ubaya katika uso wa Edna, aliona uchovu.

"Hilo si daftari nililokuwa nalo mtoni," akasema taratibu. "Nami ndiye nitakayeapishwa."

"Najua. Ndiyo maana nimesema tungenakili. Sijasema tunakili."

"Halafu kosa silo hilo la kuandika kabichi. Kosa tulilifanya siku ya semina."

Edna hakuuliza semina ipi. Walikuwa wamekwenda wawili, wakatundika karatasi kubwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Edna akachora mto kwa kalamu ya buluu, akachora mstari wa sitini kwa nyekundu, akachora yadi kwa nyeusi, ndani kabisa ya mstari. Watu walipiga makofi. Siku ile ile wakasaini karatasi za kufungua kesi.

"Hatukuchora bustani," Kassian alisema.

"Tungechora, wasingesaini."

"Pengine."

Chini dukani mtu alikuwa anakata nondo, na mezani vikombe vilikuwa vinatetemeka. Walisubiri kelele iishe.

"Niende leo nikamwambie," Kassian akasema.

"Akijitoa hatuna shahidi."

"Basi ajitoe akijua."

Edna alilirudisha daftari jipya kwenye droo, lakini droo hakuifunga. "Nenda," akasema.

Azizi aliendesha gari la ofisi akiwa amejikunja ndani ya jaketi, maana asubuhi bado zilikuwa na baridi. Alijaribu utani mara mbili, akaona haupokelewi, akawasha redio.

Mama Odilia walimkuta bustanini anamwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu ya misumari. Kabichi zilikuwa zimefunga vizuri, kubwa, zenye rangi ya mvi kidogo.

"Shikamoo, mama," Kassian akaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja kupima nini, kiuno changu?"

"Hicho tepu haitoshi," Azizi akadakia.

"Wewe nyamaza, mwembamba kama fito!" Mama akacheka, kisha akamtazama Kassian vizuri, na kicheko kikapungua. "Kuna nini?"

Kassian alichuchumaa kwenye njia, ili asikanyage tuta, akamweleza. Alieleza kwa mpangilio, tangu barua ya wakili mpaka ukurasa wenye kabichi. Mama aliendelea kumwagilia mpaka kopo likaisha maji.

"Hizo sitini zinaishia wapi?"

"Pale juu, pembeni ya ukuta. Kwenye shina la mparachichi."

Mama akageuka akatazama. Palikuwa mbali, mlimani, kwenye udongo usiolimwa. "Kwa hiyo bustani yote imo ndani."

"Yote."

"Na ya Tadei, hapa jirani?"

"Na ya Tadei. Zote kumi na moja."

"Siku ile mimi ndiye niliyekushikia tepu. Nikakuambia, andika na kabichi zangu. Nilikuwa nakutania."

"Najua, mama."

"Na wewe ukaandika."

"Niliandika."

"Ungekuwa padri, ungeandika hata dhambi za mbwa."

Azizi akacheka, kisha akaona mama hacheki, akajifanya anakohoa.

"Nikuulize," mama akasema. "Siku ile ulijua?"

Hilo ndilo swali ambalo Kassian aliliogopa njia nzima. "Nilijua sitini ni sitini. Lakini sikufikiria kwamba na wewe umo. Nilikuwa naangalia ukuta."

"Ulikuwa unaangalia ukuta. Na mguu wako ulikuwa kwenye tuta langu."

Kassian akakubali kwa kichwa.

"Nisipokuja hiyo Alhamisi?"

"Kesi itakuwa dhaifu. Inaweza kuanguka. Lakini hakuna mtu ofisini kwetu atakayekulaumu."

"Na maji?"

Hilo mama alilijua kuliko yeye. Ni mama aliyekinga maji ya mto kwenye ndoo nyeupe siku ile ya mvua, akayaacha yatulie mpaka asubuhi, akakuta tope jeusi limejaa chini, unene wa kidole. Wajukuu wake walikuwa wameshayanywa ya jana yake.

Mama Odilia akachukua kopo lake. "Nendeni," akasema, bila ukali. "Nimebakiza matuta manne."

Walipofika kwenye gari Azizi akauliza, "Sasa?"

"Sasa tusubiri."

Edna naye aliuliza, jioni, wakati wa kufunga ofisi. "Amesemaje?"

"Amesema amebakiza matuta manne."

Edna akaisukuma droo kwa goti, ikafunga.

Alhamisi jaji alikuja amevaa buti za mvua, na karani wake alibeba kiti cha kukunja ambacho hakuna aliyekikalia. Wakili wa kampuni alikuwa mtu mpole, mwenye viatu vilivyong'aa ambavyo alivisikitikia waziwazi. Watu wa kijiji walisimama juu ya njia. Maofisa wawili wa halmashauri walisimama pembeni na mafaili. Mama Odilia hakuwepo.

Edna alimpa karani daftari la zamani, lenye alama za udongo kwenye jalada. Kassian akaapishwa, akaeleza alivyopima. Alipomaliza, alimwona mama anashuka kilimani na kitenge kipya, hana haraka, kama mtu aendaye misa akijua padri bado hajafika.

Mama alieleza habari ya maji meusi kwa maneno machache, na ndoo nyeupe akaitaja. Kisha wakili wa kampuni akafungua daftari.

"Mama, hizi kabichi tunazoziona ni za nani?"

"Zangu."

"Unajua ziko umbali gani kutoka mtoni?"

"Mita ishirini na mbili. Tepu niliishika mwenyewe."

Wakili aligeuza ukurasa, akaurudisha. Bila shaka alikuwa amejiandaa kwa jibu jingine. "Na hawa wanasheria wako walikueleza kwamba sheria hii inakuhusu na wewe?"

"Walinieleza."

"Lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu hii? Kesi ina zaidi ya mwaka, mama."

"Jumatatu hii. Walichelewa." Watu wakanong'ona. Kassian akatazama chini, na Edna karibu naye akatazama daftari lake mwenyewe. "Lakini walikuja. Nyinyi yadi yenu iko hapo nyuma ya ukuta, na hii ndiyo mara ya kwanza naulizwa jambo na upande wenu."

"Mama, jibu unachoulizwa," jaji akasema, ila kwa sauti ya upole.

"Samahani, mheshimiwa. Mimi nikiambiwa nitoke, nitatoka. Naomba tu nivune hizi kwanza, wiki tatu zinatosha. Sasa na wao waseme wanahitaji wiki ngapi."

Mtu mmoja juu ya njia akapiga kofi moja, akazuiwa na mwenzake. Jaji akainama akaandika. Aliandika kwa muda mrefu, na pale bondeni ikabaki sauti ya maji tu.

Hukumu ilitoka Novemba, siku chache kabla ya mvua. Yadi iliamriwa kuhama na kuyazoa makaa yote. Bustani nazo ziliamriwa kutoka ndani ya sitini kabla ya kiangazi kinachofuata. Ofisini walinunua soda. Edna alitoa hotuba fupi, akaikatiza katikati, akaenda kusimama dirishani. Tadei, ambaye bustani yake ilipakana na ya Mama Odilia, aliacha kilimo cha mboga akahamia kwa kaka yake Namtumbo, kwenye tumbaku. Kabla ya kuondoka alikutana na Kassian stendi, akampita bila salamu. Kassian hakuona kwamba amekosewa.

Mvua zilikuja, na mto ukajaa maji ya rangi ya udongo, rangi yake ya siku zote.

Zilipokatika, mwezi wa tano, Kassian alikwenda Lihangweni na tepu. Hakutumwa na ofisi, ilikuwa Jumamosi. Mama Odilia alishika ncha pale ukingoni, na Kassian akapanda nayo. Tepu ilikuwa ya mita hamsini, kwa hiyo ilipoisha alipigilia kigingi, akamwita mama, wakaanza tena kutoka kwenye kigingi mpaka kumi.

"Hapa," Kassian akasema. Walikuwa wamelifikia shina la mparachichi.

Mama akapiga hatua tatu zaidi, ndefu kadiri alivyoweza, akachimba kisigino ardhini. "Andika kwamba matuta yanaanzia hapa. Nisije nikasumbuliwa tena na watu wa tepu."

Kassian akapima hizo hatua tatu. "Sitini na mbili na nusu," akasema, akaandika.

Mama aliokota donge la udongo, akalibonyeza. Halikupasuka. Akatazama chini bondeni, kule maji yalikokuwa, na ndoo mbili alizoziacha kwenye njia.

"Umeshaandika?"

"Nimeshaandika, mama. Kuna kingine?"

"Andika udongo ni mwekundu, mgumu. Andika na maji yako mbali."

Kassian akaandika yote mawili, kila moja kwenye mstari wake. Kisha akafunga daftari, akaliweka chini ya mparachichi na miwani juu yake, akashuka kuzifuata ndoo.