Maumivu ya Gabriella kwa Jina la Mzee Nahayo

Alhamisi ya pili ya Januari, saa kumi na mbili asubuhi, mlinzi wa dispensari ndogo iliyo nyuma ya soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, alizoa mawe yote ya foleni kwa koleo na kuyatupa mtaroni. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakiweka jiwe kwenye benchi kushika nafasi, kisha wakienda kuchota maji au kuwasha moto. Mlinzi alisema mawe hayatahesabiwa tena. Kuanzia siku hiyo alitaka kuona mgonjwa, au angalau ugonjwa.

Gabriella, mshonaji wa miaka ishirini na mitatu kutoka Fizi, Kongo, alikuwa na sare kumi na nne za shule za kumaliza kabla ya saa nne. Alikuwa pia na maumivu ya kiuno tangu Agosti, na hii ilikuwa mara yake ya nne kuja hapo. Mara ya kwanza aliambiwa ni cherehani. Ya pili, ni ujana. Ya tatu, aolewe, yatakwisha. Tangu Krismasi mguu wake wa kushoto ulikuwa unaingia ganzi, na mara mbili alianguka njiani bila kujikwaa. Alichotaka ni barua ya kwenda Lilongwe kupigwa picha, na barua zilitolewa Alhamisi tu. Aliogopa kwamba siku moja ataiambia miguu isimame na miguu itakataa.

Basi akayavua maumivu, akayalaza kwenye benchi mahali pake, akayafunika kwa kitenge kwa sababu kulikuwa na manyunyu. Mlinzi aliyatazama, akaridhika.

Kwa saa tatu Gabriella alishona akiwa ameketi wima, hata akaimba. Ganzi ya mguu tu ndiyo ilibaki naye, maana hiyo hakuwa ameiacha.

Aliporudi, kitenge kilikuwapo, kimekunjwa vizuri. Maumivu hayakuwapo. Mzee Nahayo, Mrundi wa miaka sitini na minane aliyekuja kutafuta dawa ya macho, alikuwa anatoka kwa daktari amejikunja, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika barua.

“Unisamehe, mwana wangu,” alisema. “Macho yangu haioni muzuri. Mi nilizani hapa hapana mutu, nikaikala.”

“Na docta alisema nini, muzee?”

“Hakuuliza hata. Aliona mvi, akaandika.”

Gabriella aliingia, mgongo umenyooka kama rula. Daktari, mtu mpole aliyechoka, alimtazama akitembea kutoka mlangoni hadi kitini. Akaandika katika kitabu chake cha afya: Miaka 23. Mzima.

Barua ilikuwa na jina la mzee, na barua haipatikani mara mbili. Kwa hiyo Jumatatu walitoka kambini na kibali kimoja: Nahayo kama mgonjwa, Gabriella kama mlezi wake, kwa sababu hospitali za Malawi zinataka kila mgonjwa aje na mtu wa kumpikia. Njia nzima mzee aliing'ata kofia yake.

“Miezi sita we ulibeba hii?” aliuliza. “Na kushona?”

“Na kushona, na kuteka mayi.”

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na sasa maiti walikuwa wawili.

Picha ilitoka baada ya siku mbili. Ilionyesha uti wa mgongo wa mwanamke kijana, na ubavuni pini moja ya kushonea, ile ambayo Gabriella huichomeka kwenye mkanda wa sketi. Daktari wa hospitali aligusa mfupa mmoja kwa kalamu. Ulikuwa umeliwa. Alisema ni kifua kikuu kilichoingia uti wa mgongo, dawa zake zipo, ni za mwaka mzima, na zikichelewa miguu haitasimama tena.

“Miguu ya nani?” Nahayo aliuliza kwa Kichewa chake cha sokoni.

“Ya mwenye mfupa.”

“Na dawa?”

“Ya mwenye jina.”

Alhamisi iliyofuata, mlangoni pa dispensari, Gabriella aliyachukua tena maumivu yake kutoka kwa mzee. Uzito aliokuwa ameusahau ulimkunja. Aliingia ameshikilia ukuta, picha mkononi. Daktari aliiinua dirishani, akazungumza, na Madeleine, mkalimani, akatafsiri.

“Anasema hii ni picha ya muzee.”

“Pini ni yangu.”

“Anasema pini haina jina. Anauliza uko na miaka ngapi.”

“Makumi mbili na tatu.”

“Anasema ungali kijana. Ukunywe mayi mingi.” Madeleine alitazama sakafu. “Mi nakuamini, dada. Lakini mi natafsiri tu.”

Gabriella alitoka nje akiburuta mguu. Mzee Nahayo alikuwa kwenye benchi, na alipomwona uso aligeuka akampa mgongo, kama mama anayesubiri kubebeshwa mtoto.

“Leta.”

“Muzee, ni mwaka muzima.”

“Mwaka njo nini? Leta.”

Akampa maumivu.

Tangu hapo kila asubuhi Nahayo humeza vidonge vinne mbele ya muuguzi, na Gabriella, akiwa nje karibu na ukuta, husikia uchungu wa vidonge mdomoni mwake. Siku ya tatu mkojo wa Gabriella ulitoka mwekundu kama mawese yaliyomwagika. Wa mzee ulibaki mweupe. Muuguzi alikuwa amewaonya kwamba dawa hufanya hivyo ikifika mwilini, na Gabriella alilia kwa furaha chooni. Aprili mguu wa kushoto ulianza kuwasha kama umepandwa na siafu, ganzi ikiachia.

Lakini siku mzee akifa, faili lake litafungwa. Kwa hiyo Gabriella humpelekea uji kabla hajafungua cherehani, humkataza kuoga maji ya baridi, na hamwachi avuke barabara ya lami peke yake. Majirani wanamsifu kwa adabu. Vijana watatu wafyatua matofali wamekuja na viuno vyao kumuuliza mzee kama ana nafasi. Amewaambia wasubiri, mgongo wake ni mmoja.

Asubuhi moja ya Juni, baridi ikiwa kali, mzee alikohoa mara tatu kwenye benchi. Gabriella alivua sweta yake, akamvika, akamfunga vifungo vyote mpaka shingoni. Jina likaitwa. Mzee akaingia amejikunja, akameza, akatoka. Katika kitabu cha mzee muuguzi alikuwa ameandika: Miaka 68. Anaendelea vizuri. Katika kitabu cha Gabriella hakuna aliyeongeza neno tangu Januari.

Gabriella alimshika mzee mkono, wakaanza kurudi. Alikuwa anakanyaga kwa miguu yote miwili, na roho ilikuwa juu juu.

“Muzee, usikufe.”

“Mpaka dawa ziishe, mwezi wa pili?”

“Mpaka mwezi wa pili.”

“Nitajikaza,” alisema Nahayo, akakohoa tena.