Spika za Nyuma

Baba mkwe wangu alisoma mita za maji kwa miaka thelathini na mmoja, lakini ukimuuliza alifanya kazi gani maishani atakwambia alikuwa mwimbaji. Aliimba mara moja. Asubuhi moja, wimbo mmoja, ukatoka kwenye santuri ndogo yenye karatasi nyekundu katikati, na jina lake halikuandikwa popote. Mwenyewe husema aliimba sauti ya pili. Ndiyo maana mtaa mzima, kuanzia kinyozi hadi mwenye duka la dawa, humwita Sauti ya Pili, na yeye huitika kwa heshima zote, akijitia hamnazo kwamba wengine humwita hivyo huku wamebana kicheko.

Tatizo la santuri ile ni kwamba hiyo sauti ya pili haisikiki. Siku ya tatu baada ya mimi kuolewa, baba mkwe aliniketisha mbele ya gramafoni yake, ile inayofungwa kama sanduku la nguo, akatua sindano taratibu. Ilipofika kwenye kiitikio akainua kidole.

"Hapo. Umesikia? Huyo mimi."

Nilisikia magitaa, ngoma, na watu kama wanne wakiitikia kwa pamoja kama waliofunikwa blanketi moja. Nikasema, "Nimesikia, baba." Mkwe mpya angesema nini zaidi?

Mdogo wake ndiye aliyekuwa na la kusema. Baba mdogo ni fundi viatu, mtu wa maneno machache na yote makavu. "Kaka," humwambia, "sauti hiyo ipo kweli. Ipo kichwani mwako." Walianza kubishana hivyo kabla mume wangu hajazaliwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulegeza kamba.

Sasa, uimbaji huo ulikuja na haki zake. Mwimbaji haoshi vyombo, kwa sababu maji ya baridi hupanda kifuani. Mwimbaji hafagii, kwa sababu ya vumbi. Mwimbaji hamwiti mtu aliye mbali kwa kupaza sauti. Hutuma mwingine akamwite. Mama mkwe, mkunga mstaafu aliyewapokea nusu ya watu wa mtaa wetu wakiwa bado wana maji masikioni, aliziheshimu haki hizo miaka yote, akisugua masufuria peke yake na kusonya kidogokidogo.

Mimi ni fundi redio. Nina kibanda changu karibu na kituo cha basi, ninatengeneza redio, televisheni na chochote chenye waya. Kwa hiyo mume wangu aliponunua hom thieta, ule mtambo wa spika sita wa kuifanya sebule iwe sinema, kazi ya kuufunga ikawa yangu. Yeye aliutaka kwa ajili ya mpira. Spika mbili nikaziweka mbele, moja chini ya televisheni, mbili nyuma kwenye rafu kando ya mlango wa jikoni, na sabufa pembeni ya kochi. Baba mkwe alisikiliza kipindi kimoja cha mechi, akasikia watazamaji wakipiga kelele nyuma ya kisogo chake, akageuka kuwatazama. Kisha akaenda chumbani akarudi na santuri yake kifuani.

"Mkwe wangu," akasema, "kama mashine hii inaweza kunisikilizisha mtu aliyeko jukwaa la mwisho, itashindwa kunisikilizisha mimi?"

Mara ya kwanza ilitoka sauti ya mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Baba mkwe akaniangalia kama nimemtukana. Nikamweleza kwamba sindano ya gramafoni hutoa umeme mdogo mno, hauwezi kuuamsha mtambo mkubwa kama huo. Unataka kijisanduku cha kuukuza kwanza. Kesho yake nikaleta kimoja nilichokichomoa kwenye redio iliyokufa. Safari hii ukaja mngurumo kama lori limepaki sebuleni. Nikafunga waya mdogo kutoka kwenye gramafoni hadi kwenye chuma cha mtambo, mngurumo ukakatika, na nyuma yake wimbo ukajitokeza safi, magitaa kushoto, ngoma kulia. Baba mkwe akafungua kifungo cha juu cha shati. Hakutaka hata kuumaliza.

"Inatosha. Naenda kumwalika yule fundi viatu mwenyewe. Jumapili, baada ya chakula." Akatoka kwa mwendo ambao sikuwahi kuuona kwake.

Nikabaki peke yangu nikirekebisha. Rimoti ya mtambo ule ina vitufe vya kuchagua namna ya kusikiliza, na kimojawapo huitwa sinema. Ukikibonyeza, vile vinavyofanana kushoto na kulia hupelekwa kwenye spika ya katikati, na vile visivyofanana, vitu vya pembeni, mwangwi, mtu aliyesimama mbali na kipaza sauti, hutupwa nyuma. Nilikuwa nimepanda kwenye kigoda, sikio karibu na spika ya nyuma, nikikaza skrubu. Ubeti wa pili ukaisha. Chini ya ngoma, mtu akazungumza. Sauti ya chini lakini kali.

"Wewe wa mwisho, sogea nyuma. Nyuma zaidi. Fungua mdomo tu, usitoe sauti."

Na kijana mmoja mpole, ambaye nilimtambua papo hapo kwa jinsi anavyoyavuta maneno hadi leo akipokea simu, akajibu:

"Sawa, mkubwa. Hapa panatosha?"

Nikashuka kwenye kigoda. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na bakuli la mchele aliokuwa akiuchambua.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha sindano. Akasikiliza hadi mwisho. "Tena." Mara ya tatu aliweka bakuli chini, akaketi sakafuni palepale, akajifunika uso kwa upande wa khanga. Mabega yakawa yanapanda na kushuka. Nilidhani analia.

"Miaka yote hii," akasema alipopata pumzi, "nimesugua masufuria ya mtu aliyefungua mdomo."

"Mama, nakuomba, tusimwambie. Atavunjika moyo."

"Nani kasema tumwambie? Mimi sisemi neno."

Na kweli hakusema. Jioni ile alimwita mumewe aonje mchuzi kama chumvi imekolea. Akamnyooshea mwiko. "Fungua mdomo tu," akamwambia kwa upole, "usitoe sauti."

Baba mkwe alibaki mdomo wazi, mchuzi ukimdondokea kidevuni. Mama mkwe akamfuta, akarudi jikoni hana hili wala lile.

Kesho yake walikuwa wakisogeza kabati. "Sogea nyuma," mama mkwe akamwelekeza. "Nyuma zaidi. Hapo panatosha?" Baba mkwe akaliachia kabati, likatua kwenye kidole chake cha mguu. Hakulalamika. Alimtazama mkewe kama anayetazama barua iliyofunguliwa na mtu mwingine. Jumatano, alipoanza kutusimulia historia ya bendi, mama mkwe alimuuliza tu, akiwa anatia uzi kwenye sindano ya kushonea, "Hivi mle mlimorekodia, palikuwa na nafasi ya kutosha huko nyuma?" Hadithi ikaishia hapo. Alhamisi nilipotoka kazini nilimkuta baba mkwe kwenye karo, mikono imezama kwenye povu hadi viwiko, anasugua sufuria ambayo hata haikuwa chafu.

Mimi nilikuwa kwenye miiba. Mkwe hapaswi kuzijua aibu za baba mkwe, sembuse kuzikuta kwenye spika. Mezani nikawa namtazama mikono tu.

Ijumaa alikuja kibandani kwangu. Hakuwahi kufika tangu nilipofungua. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaokota skrubu moja mezani, akawa anaizungusha.

"Mkwe wangu, mtambo ule husikia na vitu ambavyo havikuimbwa?"

Nikauma ulimi. Lakini alikuwa amekuja mwenyewe, kwa miguu, na kidole chake bado kilikuwa kimevimba. "Baba, spika za nyuma hushika vitu vidogovidogo."

"Vidogo kiasi gani?"

"Hata mtu akinong'ona."

Basi likapita, vumbi likaingia, na mwimbaji wetu anayeogopa vumbi hakuziba mdomo.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," akasema. "Hata suruali niliazimwa. Nilifanya mazoezi miezi miwili, nikiimba hata kwenye mashimo ya mita. Asubuhi ile nikafungua mdomo, sauti ikatoka kama mlango usiotiwa mafuta. Hawakunifukuza. Waliniambia nisogee nyuma. Basi nikasogea hatua tatu, nikafungua mdomo hadi wimbo ukaisha, kila neno, bila kukosea hata moja. Nakwambia, walioimba hawakutoka jasho kama mimi."

Nikasema lililo ndani ya uwezo wangu. "Jumapili naweza kuzizima spika za nyuma. Rimoti ninayo mimi."

"Zizime," akasema. Akairudisha skrubu mahali pake, akaenda.

Jumapili baba mdogo alikuja amepiga viatu rangi hadi unaweza kujitazamia ukinyoa ndevu. Wakala, wakanawa, wakakaa sebuleni: ndugu wawili mbele, mume wangu kwenye mkono wa kochi akiangalia saa kwa sababu ya mechi, mama mkwe kwenye kiti cha peke yake palepale chini ya spika za nyuma, ametulia kama mgeni wa heshima. Akanikonyeza. Nikajifanya ninafuta vumbi kwenye santuri.

Nikatua sindano. Wimbo ukatoka kwa mbele tu, mzuri, umejaa. Mama mkwe akainua macho kwenye spika iliyokuwa kimya juu ya kichwa chake, kisha akayaleta kwangu. Kiitikio kikafika. Baba mkwe alikaa mikono juu ya magoti, na kidole hakikuinuka.

"Kaka," akasema baba mdogo wimbo ulipoisha, "leo kidole kinauma?"

Baba mkwe akakikunja kidole, akakificha kwenye kiganja.

"Spika sita," baba mdogo akaendelea, akizihesabu moja moja kwa macho. "Umeme wa nyumba nzima. Na bado simsikii mtu. Si tukubaliane tu, tuzeeke kwa amani?"

Baba mkwe akaninyooshea mkono.

"Washa za nyuma."

"Baba?"

"Washa, mkwe wangu. Na ninyi wote geuzeni viti."

Tukageuza viti. Tukakaa tumeipa televisheni mgongo, tukimtazama mama mkwe na rafu iliyokuwa juu yake, kama watu waliokuja kuposa. Nikarudisha sindano mwanzo. Ubeti wa kwanza, kiitikio, ubeti wa pili. Halafu amri ile, na jibu lake: "Sawa, mkubwa. Hapa panatosha?"

Mume wangu alitazama sakafu. Baba mdogo aliinama mbele, viwiko kwenye magoti, hata baada ya wimbo kwisha.

"Rudia," akasema. Nikarudia. Ndipo kicheko kikaanza kumtoka, polepole, kuanzia tumboni, hadi akalazimika kuvua miwani. "Kaka. Hiyo ni sauti yako."

"Nimekwambia nini tangu ujana wetu?"

"Ulisema uliimba."

"Nilisema nimo." Baba mkwe alikuwa ameshanyooka kwenye kiti. "Sikiliza nikufundishe. Wale wanne wanaimba kwa pamoja, nani atakwambia yupi ni yupi? Hata mama zao hawajui. Lakini katika santuri nzima, mtu aliyepewa nafasi ya kuzungumza na kiongozi wa bendi ni mmoja. Ananiamuru, namjibu. Tena kwa adabu."

Baba mdogo alitaka kubisha, akatafuta pa kuanzia, akapakosa. Akampa kaka yake mkono. Mama mkwe alinitazama kama mtu aliyeibiwa kuku aliyemfuga mwenyewe. Wiki nzima alikuwa ameshika mpini, na sasa mumewe alikuwa akiomba wimbo upigwe tena, akiinua kidole, si kwenye kiitikio bali kwenye ule mnong'ono, akiwaambia wote wakae kimya wasikie matamshi.

Mume wangu akakumbusha habari za mechi. Hakuna aliyemsikia.

"Na upande wa pili wa santuri?" baba mdogo akauliza. "Huko nako ulizungumza?"

Hakuna aliyewahi kuuchezesha. Nikaugeuza. Ulikuwa wimbo wa taratibu, magitaa matupu bila maneno, na tukausikiliza tukiwa bado tumeipa televisheni mgongo. Karibu na mwisho, mahali gitaa linapopumua, spika ya nyuma ikatoa kikohozi. Kimoja, kifupi.

"Huyo naye wewe," akasema baba mdogo.

"Siyo mimi. Ni mpiga gitaa, alikuwa anavuta sigara sana."

"Mpiga gitaa atakohoaje katikati ya kupiga? Ni wewe."

"Nitashindwa kukijua kikohozi changu?"

Wakabishana. Wakaniomba nirudishe, nikarudisha mara nne, na kila mara kila mmoja akazidi kuwa na uhakika. Mara ya tano mama mkwe akainua mkono, wakanyamaza wote.

"Hicho si kikohozi cha mwanamume," akasema. "Nimekaa na wanawake vyumbani maisha yangu yote. Kikohozi cha mwanamke nakijua hata nikiwa nyuma ya ukuta." Akakunja mikono. "Mwanamke gani alikuwa mle ndani, baba watoto?"

Baba mdogo aliinama akaanza kukagua kamba za kiatu chake. Baba mkwe aliangalia dari, akaangalia dirisha, akaangalia santuri ikizunguka.

"Mpishi," akasema.

"Mlirekodi mkiwa na mpishi."

"Tulikuwa tunakula."

"Nyimbo mbili, asubuhi moja, na mpishi."

Baba mkwe alinigeukia mimi, uso umejaa upole. "Mkwe wangu, zizime hizo za nyuma, zinaniumiza masikio."

Nikapapasa kwenye meza. Rimoti alikuwa ameshaichukua mama mkwe, na alikuwa anatafuta kitufe cha kuongeza sauti.