Sanda ya Mama na Jiwe la Gethsemane

Mama alitaka kitu kimoja tu kabla ugonjwa wa ini haujammaliza: sanda yake iguse lile jiwe la Gethsemane ambalo Yesu aliliangukia kuomba kabla ya kukamatwa. Katika ukoo wetu hapa Beit Sahour, jirani na Bethlehemu, bibi zetu wote walizikwa na sanda zilizogusa jiwe. Pasaka ilipokaribia, vibali vyetu vya kuingia Yerusalemu vikatoka vyote viwili. Nikasema Mungu katukumbuka. Kumbe!

Kwenye kizuizi cha askari barabarani, mashine ya kukagua alama za vidole ikakataa vidole vya Mama. Miaka arobaini alisugua shanga za rozari kwa msasa, shanga za mzeituni za kuuzia mahujaji. Alama za vidole zikaisha pamoja na unga wa mbao.

"Weka tena, mama," askari alisema nyuma ya kioo.

"Nimeweka mara sita. Au unataka na vya miguu?"

"Bila alama hupiti."

Foleni nzima ikacheka. Mimi nilitaka kukivunja kile kioo. Mama akanisukumia mfuko wenye sanda.

"Rimonda, nenda wewe. Nitakungoja kwenye benchi."

"Nikuache kwenye jua hili?"

"Maiti mtarajiwa jua litamfanya nini? Hebu nenda!"

Nilifika bustanini saa sita imeshapita. Kanisa lenye jiwe lilikuwa limefungwa mpaka saa nane. Nikamsihi mtawa aliyekuwa akifagia chini ya mizeituni.

"Ufunguo sina, dada. Subiri."

Nisubiri vipi? Mama alikuwa peke yake na maumivu yake, na chupa ya maji nilikuwa nayo mimi. Nikaigusisha sanda kwenye ukuta wa nje, ukuta wa saruji wa juzijuzi tu, nikakimbilia basi.

Nilimkuta amejilaza, midomo imemkauka.

"Imeligusa?"

"Imeligusa, Mama."

"Lina baridi, eti?"

"Baridi sana."

Akaibusu ile sanda akilia kwa furaha. Nami nikalia, kwa aibu.

Tulimzika nayo Jumanne iliyofuata. Kabla jeneza halijafungwa, majirani walipita mmoja mmoja wakaibusu sanda iliyogusa jiwe, wakanishika mkono na kuniambia nimemtendea mama yangu jambo kubwa. Nikawaitikia wote, asanteni, asanteni, mpaka wa mwisho.